Harufu ya Rungwe Isiuze Tumbaku

Mtu wa Matwebe, wilayani Rungwe, akitaka kutengeneza nyumbani tumbaku ya kiko yenye ladha, hana haja ya kuagiza kitu kutoka mbali. Jani la tumbaku linalimwa Chunya, ndani ya mkoa huuhuu wa Mbeya. Kakao inaanikwa Kyela na Busokelo. Ndizi mbivu zimejaa Tukuyu, asali haikosekani, na iliki, mdalasini na karafuu ziko katika kila duka linalouza viungo vya pilau. Kazi yenyewe inaelezeka kwa maneno machache: jani lililokaushwa linatolewa uti wake wa kati, linalainishwa kwa mvuke, linanyunyiziwa maji ya asali au sukari, linakandamizwa siku kadhaa ili utamu uzame, linakatwa nyembamba, kisha linapewa harufu ya mwisho kabla ya kufungwa. Viwanda vya Ulaya na Marekani vimeishi kwa kazi hiyo miaka mingi. Sufuria, ubao, kisu na uvumilivu vinatosha kuianza, ndiyo maana ni rahisi mtu mwenye akili ya biashara kuiona kama ujasiriamali usio na madhara, sawa na kutengeneza jamu au mvinyo wa ndizi. Mimi nakataa kulinganisha hivyo. Ladha ndani ya tumbaku si pambo. Ni sehemu ya mtambo unaomfanya mtu aanze kuvuta na ashindwe kuacha, na sheria zetu zinapaswa kuishughulikia ladha yenyewe, iwe imetiwa kiwandani au jikoni.

Wanaosema kwamba kuchanganya tumbaku nyumbani ni jambo la asili wana haki ya kusikilizwa kwanza, kwa sababu ni kweli kwamba watu wetu walifanya hivyo kabla ya kiwanda chochote. Kiswahili kimekihifadhi kiko cha zamani kipande kwa kipande. Bori ni kile kikombe cha udongo au jiwe laini kinachotiwa tumbaku. Digali ni mrija unaoshuka kutoka kwenye bori. Kiko chenyewe ni chombo cha maji, ambacho mara nyingi kilikuwa kifuu cha nazi. Shilamu ni mrija wa mdomoni. Hata mlio wa maji mtu anapovuta ulikuwa na jina lake, malio ya kiko. Watu hawakitungii kitu maneno mengi kiasi hicho kama hawakijali. Pwani, jani la mtambuu lilikunjwa pamoja na popoo, katu, chokaa na tumbaku, na aliyejiweza akaongeza iliki au karafuu. Bara, tumbaku ilisagwa ikachanganywa na magadi, ukawa ugoro.

Lakini hebu tuitazame michanganyiko hiyo kwa makini, kwa sababu inatufundisha jambo ambalo wasifiaji wa asili hawalisemi. Magadi na chokaa havitii ladha. Vyote viwili vinapunguza asidi katika tumbaku, na asidi ikipungua nikotini inaachana na chumvi zilizoishika na kupenya kwa kasi kwenye utando laini wa pua na wa shavu. Wazee waligundua hilo kwa kujaribu tu, bila maabara, na walikuwa sahihi. Iliki na karafuu zilikuwa na kazi nyingine, kufunika uchungu na kuiacha pumzi ikinukia. Kwa hiyo tayari katika tambuu ya bibi kulikuwa na kitu cha kuisukuma nikotini ndani na kitu cha kuificha isitambulike kwa ukali wake. Viwanda vya leo vimeongeza vipimo na mashine, lakini mpango ni uleule. Na asili haikuwalinda watumiaji wake: Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, lilitangaza tangu miaka ya 1980 kwamba tambuu yenye tumbaku inasababisha saratani kwa binadamu.

Hapo ndipo linapokuja pingamizi ninaloliona kuwa la kawaida zaidi: kwamba mchanganyiko wa nyumbani hauna kemikali za kiwandani, una asali na kakao tu. Asali ni chakula bora mtu akiila. Lakini takriban asilimia 80 ya uzito wake ni sukari, na sukari ikiungua pamoja na jani la tumbaku inazaa vitu ambavyo havikuwamo ndani ya mzinga, vikiwamo fomalidehaidi na asetalidehaidi. Fomalidehaidi inasababisha saratani. Asetalidehaidi, kwa majaribio yaliyofanywa kwa panya, inaongeza mvuto wa nikotini, yaani mnyama aliyepewa vyote viwili anaitafuta nikotini kwa bidii kuliko aliyepewa nikotini peke yake. Gliserini, inayotiwa ili tumbaku isikauke, ikipata moto inatoa akrolini, moshi mkali ulewule unaowasha macho mafuta ya kukaangia yanapoungua. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachouliza kama sukari ilitoka kwa nyuki wa Rungwe au kwenye pipa la kiwanda. Mfano mwingine ni kumarini, harufu tamu inayopatikana kwenye mbegu za tonka na pia kwenye mdalasini wa aina ya kasia. Ni ya asili kabisa, na kwa miaka mingi imependwa na watengenezaji wa tumbaku ya kiko kwa sababu inakaribia vanila. Marekani iliipiga marufuku kutiwa kwenye chakula mwaka 1954 kwa kuwa inadhuru ini.

Wapenzi wa kiko wana jibu lingine, na kwa sehemu lina ukweli. Wanasema mvuta kiko hamezi moshi, anaucheza mdomoni na kuutoa, kwa hiyo asilinganishwe na mvuta sigara. Ni kweli kwamba wavutaji wengi wa kiko ambao hawajawahi kuvuta sigara hawapelekei moshi mapafuni, na hatari yao ya saratani ya mapafu ni ndogo kuliko ya mvuta sigara. Ila wana sababu ya kutohitaji kuumeza. Moshi wa tumbaku nyingi za kiko hauna asidi kama wa sigara, na nikotini yake inafyonzwa na shavu na ufizi palepale. Bori moja hubeba gramu mbili au tatu za tumbaku, wakati sigara haifikii hata gramu moja. Kinachobaki mdomoni kinafanya kazi mdomoni: saratani ya kinywa, ya koo, ya zoloto na ya umio zimethibitishwa kwa wavuta kiko, na ya mapafu pia. Aliyehama kutoka sigara kwenda kiko, naye, huhama na mazoea yake na kuendelea kumeza moshi. Kwa hiyo anayemwambia jirani yake aache sigara, anunue kiko chenye harufu ya vanila, anamshauri vibaya hata kama nia yake ni njema.

Tatizo kubwa zaidi, hata hivyo, ni umri, na hapa ndipo nataka msomaji akae kidogo. Tunaambiwa kiko ni cha wazee, na wazee wenyewe wanapungua, basi serikali ina haja gani ya kuhangaika? Shisha nayo ilikuwa ya wazee. Kwa vizazi vingi ilikuwa kitu cha wanaume wa makamo kwenye migahawa ya Misri na Uarabuni, wakivuta tumbaku kali isiyo na mapambo. Kilichoibadilisha kilikuwa tumbaku iliyolowekwa kwenye asali au molasi na kutiwa harufu za matunda, ambayo kampuni za Misri zilianza kuisambaza kwa wingi mwanzoni mwa miaka ya 1990. Waarabu wanaiita muassal, na Mswahili hahitaji kamusi kulielewa neno hilo: ni tumbaku iliyotiwa asali. Chombo kilikuwa kilekile, maji yaleyale na makaa yaleyale, lakini ndani ya miaka michache wavutaji wapya walikuwa vijana na wanafunzi, wasichana wakiwamo, na kutoka huko ikaenea Ulaya, Marekani na Afrika Mashariki. Mwaka 2016 ilibidi serikali yetu ipige marufuku shisha, Dar es Salaam ikiwa mstari wa mbele. Kenya na Rwanda zikafuata Desemba 2017. Nchi tatu jirani ndani ya miaka miwili zilijikuta zikipambana na chombo ambacho kizazi kilichotangulia kilikiona kama masalia ya zamani. Tofauti kati ya shisha ya babu na shisha ya mjukuu ilikuwa ladha.

Kiko kikavu kinaweza kupita njia hiyohiyo, na si lazima hata watu wavutiwe na kiko chenyewe. Tazama yaliyotokea Marekani. Mwaka 2009 sheria mpya iliondoa ladha za matunda na pipi kwenye sigara lakini haikuigusa tumbaku ya kiko. Mwaka huohuo, tarehe 1 Aprili, ushuru wa tumbaku ya kusokota ulipandishwa kutoka takriban dola 1.10 hadi dola 24.78 kwa ratili, huku wa tumbaku ya kiko ukipandishwa hadi dola 2.83 tu. Hapakutokea wimbi la watu kununua viko. Kilichotokea ni kwamba mifuko ya tumbaku ya kusokota ilibadilishwa jina, ikaandikwa tumbaku ya kiko, na mauzo ya kile kinachoitwa tumbaku ya kiko yakapanda kwa zaidi ya mara 10 katika kipindi kisichofikia miaka mitatu. Watu waliendelea kusokota sigara zao kama kawaida. Umoja wa Ulaya nao, katika agizo lake la 2014, ulizuia ladha kwenye sigara na tumbaku ya kusokota, mentholi ikiongezewa muda hadi Mei 2020, lakini ukaiacha tumbaku ya kiko kwa hoja hiyohiyo kwamba wanunuzi wake wengi ni watu wazima wa umri mkubwa. Ulaya ina wakaguzi, takwimu za kila mwaka na sharti la kulibadilisha agizo iwapo soko litageuka. Sisi hatuna ulinzi huo wote, na jani lililokatwa kwa ajili ya bori linasokoteka kwenye karatasi ya daftari bila shida yoyote.

Sheria yetu kuu ya bidhaa za tumbaku ni ya mwaka 2003. Inakataza kumuuzia mtu aliye chini ya miaka 18 na inazuia uvutaji katika maeneo ya umma yaliyotajwa. Mwaka 2007 Tanzania iliridhia Mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa Kudhibiti Tumbaku, na miongozo ya mkataba huo iliyopitishwa mwaka 2010 inazitaka nchi wanachama zizuie au zipige marufuku viungo vinavyoifanya tumbaku ipendeze mdomoni, sukari na vikolezo vikitajwa waziwazi. Tangu mwaka 2021 jukumu la kudhibiti bidhaa za tumbaku liko mikononi mwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, ambayo ina ofisi ya kanda mjini Mbeya. Kwa hiyo taasisi ipo na ahadi ya kimataifa ipo. Uganda iliingiza ladha kwenye katazo lake katika sheria ya 2015, na Ethiopia ikafanya hivyo mwaka 2019. Nchi hizo mbili hazikutaja chombo tu, zilitaja kinachotiwa ndani yake, na hiyo ndiyo njia sahihi. Tukiendelea kukimbiza vyombo, leo shisha, kesho kiko, keshokutwa kifaa cha umeme, muuzaji atakuwa mbele yetu hatua moja kila siku, kwa sababu chombo kinabadilishwa kwa wiki moja na harufu inabaki ileile.

Lipo pia jambo la jikoni, ambalo wanaosifia ufundi huu hulipita haraka mno. Nikotini inayeyuka kwenye maji. Jani likichemshwa, likilowekwa au likipigwa mvuke, maji yanayobaki kwenye sufuria yana sumu, na jani bichi au lililolowa linapenyeza nikotini kwenye ngozi ya anayelishika. Wavunaji wa tumbaku duniani kote wanaijua homa hiyo ya kichefuchefu, kizunguzungu na kutapika. Kiwandani kuna glovu na chumba kilichotengwa. Nyumbani kuna sufuria ya uji, beseni la kuogeshea mtoto na rafu ambayo mtoto wa miaka mitatu anaifikia. Mtoto hali jani la tumbaku kavu, litamchoma ulimi na atalitema. Tumbaku iliyotiwa asali na kakao inanukia kama kitafunwa, na mtoto anaweza kuila. Ongeza hali ya hewa ya Tukuyu, inayopata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na utaona jinsi ilivyo vigumu kuhifadhi jani lenye sukari bila kuota ukungu, ambao mvutaji atauwasha na kuuvuta pamoja na hayo mengine.

Sitaki hoja hii ichukuliwe kama mwito wa kumwandama mzee mwenye kiko chake barazani. Mtu mzima anayejichanganyia tumbaku yake na kuivuta mwenyewe, mbali na watoto, hana sababu ya kugongewa mlango na mgambo. Anastahili kuambiwa ukweli na kusaidiwa kuacha siku atakapotaka. Ninachokipinga ni kuuza: mfuko wenye picha ya ndizi na jina tamu, unaopelekwa dukani, mnadani au kutangazwa kwenye simu kama bidhaa ya Rungwe. Mstari huo unaeleweka kwa urahisi na afisa biashara wa halmashauri anaweza kuusimamia bila kuingia chumbani kwa mtu.

Limebaki pingamizi la kipato, na ndilo zito kuliko yote. Tumbaku inaiingizia nchi fedha za kigeni. Msimu wa 2022/23 Tanzania ilizalisha zaidi ya tani 120,000, na kaya nyingi za Chunya, Urambo na Kahama zinasomesha watoto kwa jani hilo. Vijana wa Rungwe wanatafuta kazi, na kuwaambia tu waache hili bila kuwaonyesha lile si haki. Lakini fedha za Chunya zinatokana na jani ghafi linalopitia vyama vya msingi vya ushirika kwenda kwa kampuni zenye leseni, na sehemu kubwa inasafirishwa nje. Mchanganyaji wa Matwebe hatamwongezea mkulima wa Chunya kilo yoyote ya maana. Atakachofanya ni kuipa tumbaku harufu nzuri na kuipeleka kwa majirani zake mwenyewe. Faida yake itatoka kwenye mifuko ya watu wa kata ileile, na gharama ya matibabu itatoka hukohuko.

Na Rungwe ina jani lake. Chai ilipandwa Kyimbila, pale pale karibu na Tukuyu, mwaka 1904, miaka miwili tu baada ya Amani kule Usambara, na hadi leo wakulima wadogo wanachuma na kupeleka jani bichi kwenye kiwanda cha Katumba. Ustadi unaohitajika kwenye tumbaku unafanana sana na wa chai: kunyausha jani, kuliacha ligeuke rangi, kulikausha kwa kiasi, kisha kuonja, kulinganisha na kuchanganya. Tofauti ni kwamba karibu chai yetu yote inauzwa ikiwa imefungwa kwa wingi, isiyo na jina la mahali ilikotoka, zamani kupitia mnada wa Mombasa na tangu Novemba 2023 kupitia mnada wa Dar es Salaam pia. Wengine huichanganya, huitia iliki, tangawizi, maganda ya machungwa au maganda ya kakao, huifunga vizuri na kuirudisha madukani kwa bei kubwa kuliko aliyolipwa mchumaji. Kazi hiyo ya mwisho, yenye faida, ndiyo inayoweza kufanyika Matwebe kwa sufuria, ubao na mikono ileile iliyotaka kuchanganya tumbaku. Mkulima wa chai analalamikia bei ya jani bichi mwaka hadi mwaka. Mchanganyaji wa kijijini atakayenunua chai nzuri ya Rungwe na kuitia ladha za Rungwe atakuwa anamjibu. Haitakuwa rahisi. Shirika la Viwango litataka vipimo, vifungashio vina gharama, na soko la viungo lina washindani. Lakini mtoto akiifungua pakiti hiyo na kuionja, hakuna atakayekimbilia hospitali.

TMDA haina sababu ya kusubiri shisha nyingine. Itunge kanuni inayokataza ladha na sukari ya kuongeza katika kila bidhaa ya tumbaku inayouzwa, tumbaku ya kiko na ugoro zikiwamo, bila kujali kama imetengenezwa kiwandani au nyumbani, na izuie jina la matunda au viungo kwenye pakiti. Halmashauri ya Rungwe, kabla ya kumkatia mtu leseni ya biashara ya namna hiyo, imwelekeze kwenye chai na imsaidie kupata alama ya ubora na mafunzo ya kuonja. Nawe uliyeko Matwebe, mwenye pua ya kutambua asali nzuri na mkono wa kuchanganya, ustadi wako unahitajika sana wilayani kwako. Usiupe tumbaku.